Mke anataka hela ya friza, na hela niliyonayo mimi ni ya poka

Shikamoo anti,

Naomba jina langu lisitokee. Mi ni kijana wa kiume, nina mke na mtoto mmoja, tunaishi Tabata hapa Dar. Ni fundi simu, nina meza yangu Kariakoo, hela ya kula haikosekani ila haitabiriki, kuna wiki kazi zinamiminika na kuna wiki unakaa mpaka jioni umebadilisha kioo kimoja tu.

Ishu yangu iko hivi. Tangu mwaka jana Jumamosi usiku nacheza poka na washkaji, ile ya Texas, karata mbili mkononi na tano mezani. Tunacheza kwa jamaa mmoja Sinza, tunakuwa watu saba nane tunaojuana, blaindi, zile hela ambazo watu wawili wanalazimika kuweka kabla karata hazijagawiwa, ni mia na mia mbili, kiingilio elfu 20 na ukiisha unaruhusiwa kuingia tena. Sio watu wa fujo, tunakula, tunacheka, saa nane usiku kila mtu kwake. Mke wangu anajua naenda kucheza karata, ila nadhani kichwani kwake ni kama arubastini ya kijiweni, ya kupotezea muda, hajawahi kuuliza habari za hela na mi sijawahi kumwelezea.

Sasa anti nataka unielewe, mi sichezi kiholela. Kabla sijaanza nilisoma kwanza, nikaona wanaojua wanasema uwe na mfuko wa poka peke yake usiochanganyika na hela nyingine. Nikajichanga taratibu, nikauza na laptop yangu ya zamani, nikafikisha laki 6, nikaiweka kwenye laini yangu ya pili. Nikajiwekea sheria, sigusi hela ya kodi, sigusi hela ya vipuri, sikopi, nikipoteza viingilio viwili usiku mmoja naaga hata kama meza ina watu wasiojua kucheza. Kila nikirudi naandika kwenye daftari nimeingia na ngapi nimetoka na ngapi. Mpaka leo sijavunja hata moja, na ile laki 6 imekuwa laki 9. Sijatoa hata mia humo, maana sheria ndo inavyosema, hela ya poka inakaa kwenye poka.

Mwezi huu yamekuja mambo mawili kwa mpigo. La kwanza, mke wangu ana genge hapo nje, anauza nyanya, vitunguu, dagaa, kajuisi kidogo. Anataka friza, auze barafu, maji ya baridi na samaki, mtaa wetu hauna mtu mwenye friza karibu na kweli nikiangalia naona inalipa. Friza aliyoipata ni laki 7, yeye ametoa laki mbili na nusu kwenye kikoba chao, imebaki laki nne na nusu. Akaniuliza kwa upole tu, baba Nasra huna namna? Nikamwambia nipe mpaka mwisho wa mwezi. Sikusema ninayo wala sikusema sina.

La pili, mshikaji tunayecheza naye Sinza amepata meza Masaki. Kule kiingilio ni laki moja, blaindi mia tano na elfu moja, anasema wale ni watu wa hela wanacheza hovyo hovyo, mtu mwenye nidhamu kama mi nitawamaliza. Kila siku ananikumbusha Chris Moneymaker, yule mhasibu wa Marekani aliyeingia kupitia mchujo wa dola 86 mwaka 2003 akatoka bingwa wa dunia na dola milioni 2.5. Anataka jibu Jumamosi hii.

Nikitoa ya friza Masaki ndo basi, na mfuko nilioulea kwa uchungu unakatika nusu. Nisipotoa, kila nikipita pale gengeni roho inanisuta. Na nikitoa lazima ataniuliza imetoka wapi. Nisaidie anti, hii hela ni ya nani hasa, ni yangu, ni ya poka au ni ya nyumba?

Mimi baba Nasra, Tabata.

JIBU

Marahaba baba Nasra. Asante kwa kuandika, na asante zaidi kwa kuandika mapema, maana barua nyingi za michezo ya hela zinanifikia wakati kausha damu wameshabeba tivii na godoro. We umekuja bado una hela mkononi, una daftari na una mke anayekuuliza kwa upole, hayo matatu ni mengi kuliko unavyodhani.

Nikikusoma naona umebanwa katikati ya watu wawili unaotaka kuwa mwaminifu kwao, mmoja ni mama Nasra na mwingine ni wewe mwenyewe, yule aliyejiwekea sheria na akazishika wakati wenzie wote pale mezani wanacheza na hela ya mboga. Unahisi ukimfurahisha mmoja umemsaliti mwingine. Ndo maana umekaa kimya mpaka mwisho wa mwezi, na mi sikulaumu kwa hilo, ila hebu tukae tupige hesabu kwanza kabla ya moyo, maana hesabu zako zimeficha kitu.

Una laki 9. Ukitoa laki nne na nusu unabaki na laki nne na nusu, sawa? Kiingilio cha Sinza ni elfu 20. Kwaiyo unabaki na viingilio 22. Na hao wanaojua uliowasoma, wengi wanasema mtu anayecheza meza ya hela awe na viingilio 20 mpaka 30 ili mkosi wa wiki kadhaa usimfute kabisa. Kuna yule Chris Ferguson, bingwa wa dunia wa mwaka 2000, aliyejipa mtihani wa kuanza na sifuri mtandaoni mpaka akafikisha dola elfu 10, sheria yake ilikuwa asiweke mezani zaidi ya asilimia 5 ya mfuko wote. Asilimia 5 ya laki nne na nusu ni elfu 22 na mia tano. Yani elfu 20 yako bado imo ndani! Friza haiui Jumamosi yako ya Sinza, inakubana kidogo, ndio, huna tena nafasi ya kujiachia na itabidi uwe makini zaidi, ila unaendelea kucheza kwa sheria zako zile zile.

Sasa jiulize, kama Sinza haifi, we unapigania nini hasa? Mi naona umeandika poka na friza kumbe kinachogombana na friza ni Masaki.

Na Masaki kwa hesabu zako mwenyewe bado hujafika, hata leo, hata kabla mama Nasra hajafungua mdomo. Laki 9 kwa kiingilio cha laki moja ni viingilio 9 tu. Asilimia 5 ya laki 9 ni elfu 45, hata nusu ya kiingilio haifiki. Ili ukae pale kwa kanuni ile ile iliyokulea ungehitaji kama milioni 2. Kwaiyo ukienda Masaki na hela hiyo unakuwa umevunja sheria yako, na ukimpa mkeo unahisi umeivunja, alafu ajabu ni kwamba ile ya Masaki haikuumi na hii ya mkeo inakuuma. Sikuambii usiende, nakuomba tu uitazame hiyo tofauti, inatoka wapi?

Tuongee kidogo habari ya bahati maana mshikaji wako ameiruka hiyo. Mnacheza pengine mikono 25 kwa saa, yani karata zinagawiwa mara 25, mkikaa saa tano ni mikono mia na ishirini hivi. Kwa mwaka, ukitoa Jumamosi ulizokosa, ni mikono elfu tano sita. Ni michache. Kwenye hii Texas isiyo na kikomo, ambapo unaweza kuweka hela yako yote kwa mpigo, mtu kupanda au kushuka kiingilio kizima ndani ya usiku mmoja ni kawaida kabisa, na kwenye mikono elfu sita bahati peke yake inaweza kumbeba mtu viingilio saba juu au kumzika saba chini bila uwezo wake kubadilika hata kidogo. We uko juu viingilio 15, ni dalili nzuri kwamba unajua unachofanya, sikunyang'anyi hiyo, ila sehemu ya hiyo faida inawezekana kabisa ni upepo tu. Ree mbili zikikutana na kingi mbili kabla karata za mezani hazijafunuliwa zinashinda mara 82 kwa 100, zile 18 zilizobaki mtu amecheza sawasawa na hela imeondoka. Zikikuangukia tatu mfululizo, Sinza umepoteza elfu 60. Masaki ni laki 3, theluthi ya mfuko, na hujakosea kitu.

Fungua daftari usiku mmoja ukiwa umetulia uangalie faida yako imetoka wapi. Imegawanyika au ni usiku miwili mitatu ya kheri ndo imebeba yote? Imetoka kwa watu wote au kuna mmoja wenu ambaye kila Jumamosi anaacha hela pale? Kama ni mmoja, basi daftari linakwambia unamshinda huyo, halijakwambia lolote kuhusu watu wa Masaki. Na huyo mmoja naye ni mshikaji wako, ana nyumba na pengine ana genge lake nje, sio vibaya siku moja kumuuliza anaendeleaje.

Kuhusu hao watu wa hela wanaocheza hovyo, inawezekana ni kweli. Ila mtu ambaye laki moja haimuumi anaweza kukuwekea olini, yani hela yake yote mezani, kwa karata yoyote ile, na we ambaye laki ni sehemu kubwa ya mfuko utajikuta unatupa mkono mzuri kwa sababu ya uoga. Nidhamu uliyonayo Sinza inatokana na kwamba elfu 20 unaweza kuipoteza ukalala. Sijui kama utalala ukipoteza laki 2 na asubuhi ni Jumapili na mtoto anataka sare ya shule.

Alafu uliza vitu ambavyo hujaniandikia. Mwenye meza ya Masaki anakata reki, yani fungu lake la kuendesha meza? Kasino nyingi zinakata kama asilimia 5 ya kila poti, ile hela inayogombewa mezani, na zinaweka kikomo, kwenye nyumba ya mtu binafsi kikomo anaweka yeye anavyojisikia, na reki inatoka kila mkono ushinde usishinde usiku ule. Nani anashika hela? Wanaruhusu kucheza kwa mkopo? Hapo kwenye mkopo ndo watu wengi wanaingilia, umeishiwa saa saba usiku, mtu anakwambia chukua tu utanipa. Na ujue kwamba kwa sheria ya mwaka 2003 michezo ya kubahatisha hapa kwetu inasimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha na anayeendesha biashara hiyo anatakiwa awe na leseni, meza ya sebuleni yenye kukata reki ikikudhulumu huna pa kwenda kushtaki, na ikivamiwa na polisi na wewe umo ndani.

Moneymaker ni kweli, mwaka ule wa 2003 alishinda, ila waliokaa kwenye lile shindano walikuwa 839 na kiingilio cha kawaida kilikuwa dola elfu 10. Mshikaji wako akikupa hadithi ya huyo na mwambie ya Stu Ungar pia, wengi wanamhesabu kati ya wacheza karata wakali kuwahi kutokea, bingwa 1980, 1981 na tena 1997, mwaka 1998 amekutwa amefariki kwenye chumba cha moteli Las Vegas akiwa na dola kama 800 tu mfukoni, zilizobaki zilienda kwenye kubeti na dawa za kulevya. Kushinda alijua mpaka basi, kutunza ndo kulimshinda. We kwenye kutunza uko vizuri, ndo maana nakuwa mgumu kukuona unaburutwa.

Sasa swali lako kubwa, hela ni ya nani. Umesema sheria inasema hela ya poka inakaa kwenye poka. Hebu kumbuka uliiweka kwa nini mdogo wangu. Uliiweka ili poka isije ikala kodi, isile vipuri, isile uji wa Nasra, ulikuwa unailinda nyumba. Sasa hivi inatumika kuzuia friza isifike nyumbani, na hilo sidhani kama ndilo ulilolikusudia siku unauza ile laptop. Hata wanaoishi kwa poka wanatoa hela kwenye mfuko, wanalipa kodi ya nyumba, wanasomesha, wakishatoa wanahesabu kilichobaki na kama hakitoshi wanashuka meza. Kanuni za asilimia zinakwambia uweke ngapi mezani, hazikukatazi kutoa.

Ila upande wako nao nausikia. Mtu ambaye kazi yake haitabiriki, leo vioo kumi kesho kimoja, amepata daftari moja ambalo hesabu zinapanda kwa sababu ya akili na uvumilivu wake mwenyewe. Hicho ni kitu kikubwa kwa mwanaume mwenye familia. Ukiambiwa kata nusu unaumia zaidi ya hela, inakuwa kama umeambiwa mwaka wako wote ulikuwa kazi bure. Nadhani hapo ndo penye kidonda na ni vizuri ukajua hivyo kabla hujaamua chochote, maana mama Nasra hawezi kujua unachotoa ni kizito kiasi gani kama hujamwambia.

Tukija kwake, umeshika kwamba hajui. Una uhakika? Mwanamke anayefungua mlango saa nane usiku kila Jumamosi, anayeona laini ya pili, na anayekuuliza huna namna badala ya kukuuliza una hela, huyo anaweza kuwa anajua zaidi ya unavyofikiri na amekuachia nafasi ya kusema mwenyewe. Inawezekana pia hajui kabisa. Vyote viwili bado vinakuonesha sehemu moja ya kuanzia, mazungumzo, na mazungumzo yana hatari zake, nisikudanganye. Anaweza kukasirika kwamba laki 9 ilikuwepo wakati mnabana matumizi. Anaweza kusema acha kabisa. Anaweza kuifurahia mno akaanza kuihesabu kama mshahara, kila mwezi ulete ya poka, na hiyo ni mbaya maana utaanza kucheza kwa presha. Na hujanigusia imani, kwa nyumba nyingi hilo ndo swali la kwanza, kama kwenu kamari ni haramu basi hela yenyewe hata akipewa anaweza asiitake kwenye biashara yake, na ana haki hiyo.

Unaweza kumpa bila kusema imetoka wapi, useme kuna mteja kalipa deni. Itakuwa rahisi kwa wiki moja. Ila friza litakuwa linanguruma hapo nje kila siku juu ya uongo, na siku akiijua kweli hataona friza tena, ataona tu kwamba ulimdanganya.

Njia za katikati zipo. Mnaweza kukubaliana unatoa yote laki nne na nusu, genge likianza kuingiza linakurudishia kidogo kidogo mpaka mahali mtakapopanga, ila hapo ujue kwamba umeme unakatika, samaki wanaharibika, na unaweza kusubiri sana. Unaweza kutoa ile faida tu, laki 3, ukabaki na laki 6 uliyoanza nayo na yeye akamalizia laki na nusu kikoba, ila hapo unamuongezea yeye deni wakati hela unayo, na akijua baadae sijui atalipokeaje. Au mnaweza kukubaliana kwamba mfuko wa poka ubaki na kiwango fulani anachokijua na yeye, kikizidi hapo ziada inakuja nyumbani, kikishuka chini ya hapo unasimama. Hii naipenda kidogo kwa sababu inakupa shahidi, na daftari lenye shahidi ni gumu kulidanganya siku za mkosi.

Hata Masaki ina njia yake kama roho imeng'ang'ania. Wapo wanaopanda meza kwa kujaribu, wanatenga kiingilio kimoja tu, kikiisha wanarudi chini bila maswali. Kwako hicho kimoja ni laki nzima, Jumamosi tano za Sinza, na ugumu haupo kwenye kupanda, upo kwenye kurudi. Ukishinda usiku wa kwanza ndo hatari zaidi maana Sinza itakuwa haina ladha tena.

Chochote utakachochagua endelea kujichunguza. Ukiona umeanza kuruka kuandika usiku uliopoteza, ukiona unawaza kurudisha hela badala ya kucheza vizuri, ukigusa mkopo wa kwenye simu hata wa elfu 10 kwa ajili ya kiingilio, au ukijikuta unatamani Jumamosi kwa sababu tu wiki ya Kariakoo ilikuwa mbaya, hapo achana na asilimia, funga laini ile uongee na mtu, hata ukiniandikia mimi sawa.

Na huyu mshikaji anayetaka jibu Jumamosi mwambie utamjibu mwezi ujao. Wale watu wa hela hawahami Masaki. Mama Nasra ndiye uliyemwahidi mwisho wa mwezi, kwaiyo ongea naye kwanza, mchana, Nasra akiwa amelala, na daftari lichukue umuoneshe kurasa zote na zile za usiku ulizopoteza pia. Alafu msikilize, usimkatize hata akipandisha sauti.